Ya Ndani au ya Nje?

Siku niliyoamua kujaribu rangi za maji niliingia duka la vifaa vya ujenzi mjini Tanga, nikaegemea kaunta, nikasema nataka rangi ya maji. Muuzaji alikuwa na simu mkononi, hakuinua macho.

"Ya ndani au ya nje?"

Nikababaika. "Ya karatasi."

Hapo akaniangalia vizuri. "Kaka, karatasi haipakwi rangi, karatasi inabandikwa. Wewe una ukuta?"

Nilikuwa na ukuta, nani hana ukuta. Nikatoka pale na ndoo ya lita nne ya rangi nyeupe, ya ndani, nimeifunga kwenye keria ya baiskeli, najicheka mwenyewe njia nzima. Kosa halikuwa lake. Kiswahili cha dukani kilishaamua zamani: rangi ya maji ni ya ukuta, rangi ya mafuta ni ya mlango na geti. Sisi wachoraji tukiyachukua maneno hayohayo kwa ajili ya vijibomba vyetu vya bei mbaya tunakuwa wageni waliokuta nyumba ina wenyewe. Ndoo ile nilikaa nayo miaka miwili, na nitaeleza ilikoishia.

Rangi ya geti, hiyo ndiyo iliyonilea. Mjomba wangu alikuwa fundi wa mabango Ngamiani. Kibanda chake kilikuwa na upana wa kitanda kimoja, na ukuta mmoja wa ndani ndio aliokuwa akifutia brashi zake, siku baada ya siku, tabaka juu ya tabaka, mpaka rangi ikawa nene kama kipande cha mkate. Ukibandua ganda kwa kucha unaona mistari: nyekundu ya soda, bluu ya zahanati, kijani cha msikiti, njano ya vinyozi. Nafikiri ule ndio mchoro wa kwanza niliowahi kuupenda, na hakuna aliyeuchora.

Nilianza kazi kwa kushika uzi. Uzi unapakwa chaki, mnaushika wawili huku na huku, unavutwa katikati na kuachiwa, unapiga ubao na kuacha mstari mnyoofu. Mistari miwili, herufi zinakaa kati yake. Baada ya mwaka akaniruhusu kujaza herufi alizozichora yeye. Mwaka uliofuata akaniachia bango zima, la bucha, nikaandika kwa madaha DUKA LA NYMA. Herufi zilikuwa na kivuli, zilikuwa na mng'ao, zilikuwa na kila kitu isipokuwa A moja. Tuligundua mwenye bucha ameshafika na ngazi. Mjomba hakunigombeza mbele ya mteja. Alichukua brashi, akalifunika neno lote kwa ng'ombe mwekundu mwenye pembe ndefu, chini yake akaandika kwa herufi ndogo, NYAMA SAFI. Mwenye bucha alifurahi, akaongeza hela ya ng'ombe.

Rangi ile ina tabia zake. Nyekundu ikigusana na njano kabla haijakauka, zinavutana na kufanya nyuzinyuzi. Ukipitisha brashi mahali palipoanza kushika, inakunjana kama utando wa maziwa. "Usirudi ulikopita," ndilo somo pekee mjomba alilonipa kwa mdomo. Mengine yote nilifundishwa kwa kupokonywa brashi. Unapaka eneo moja, unalala, unaamka unapaka la pili, na mwisho kabisa unazungushia mstari mweusi. Ukifanya hivyo miaka minne mitano hata macho yanazoea. Unakwenda sokoni unaona vitu vyenye mpaka tu: samaki, birika, jogoo, kichwa chenye panki. Moshi huuoni. Uso wa mtu anayewaza jambo huuoni, kwa sababu mkononi huna cha kuuchorea.

Ndiyo maana Edward Saidi Tingatinga hanishangazi kama anavyowashangaza wageni. Alizaliwa upande wa Tunduru mwaka 1932, akapita kwenye mashamba ya mkonge huku kwetu Tanga kabla ya kwenda Dar es Salaam, na alipoanza kuchora mwaka 1968 alichukua kilichokuwepo: vipande vya bodi ya dari, kama sentimita 60 kwa 60, na rangi ya baiskeli. Mnyama mmoja katikati, nyuma yake rangi tupu, pembeni jani au ndege. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kuchora, na jina lake likawa jina la aina nzima ya uchoraji. Watu husema ile ni staili. Mimi niliyekunjiwa rangi mara mia naona mtu aliyelisikiliza kopo lake likimwambia linaweza nini na haliwezi nini. Twiga wanaouzwa leo kwa dazeni kwenye maduka ya watalii wengi wamerithi umbo tu, usikivu ule haumo. Siwalaumu wenzangu lakini. Kodi ya nyumba haina uvumilivu.

Nyumbani kwa bibi mambo yalikuwa mengine kabisa. Bibi mzaa mama hakutaka picha ya chenye roho ndani ya nyumba yake. "Siku ya kiyama utaambiwa umtie roho, mume wangu, na roho huna," alikuwa akiniambia, kwani kwa utani wa kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Alilisema bila ukali, kama mtu anayekukumbusha usilale na nywele mbichi. Mabango ya mjomba aliyavumilia kwa kuwa yalikaa nje, na yalileta unga.

Kwa hiyo kwa bibi nilichora visivyo na roho. Siku moja nikamfuata uani na daftari. "Bibi, nimechora mbuzi." Akaanza kukunja uso, nikamgeuzia ukurasa: mbuzi ya kukunia nazi. Alicheka mpaka akaushika mlango. "Huyo mchore utakavyo," akasema, "na majani sitampa."

Mbuzi ile niliichora labda mara thelathini. Ukiitupia jicho ni kigoda chenye ulimi wa chuma, basi. Ukikaa nayo asubuhi nzima unaona ubao wa kukalia umelika katikati, umefanya bonde, na bonde lina mng'ao wa mafuta ya nazi ya miaka. Miguu inapishana kama mkasi ili ikunjike. Chuma kimetandazwa mwishoni kama jani dogo, kingo zake zina meno, na katikati ya meno daima kumebaki uzi mmoja wa nazi uliokauka. Kwa rangi ya geti nisingeweza kulichora lile bonde. Halina mpaka, linaingia polepole. Lilitaka penseli, na si HB ya shuleni inayokwaruza kijivu kilekile hata ubonyeze hadi karatasi itoboke. Mwalimu mmoja aliyekuwa anahamishwa mkoa alinigawia vikorokoro vyake, ndani yake mkawa na kipande cha 6B, penseli laini na nyeusi zaidi, urefu wa kidole gumba. Kumbe weusi una ngazi! Weusi wa chini ya kigoda sio weusi wa kati ya meno, na wa kati ya meno sio wa kovu lililoko kwenye mguu wa kushoto, mahali panya alipotafuna. Kipande kile nilikitumia mpaka nikawa nakishika kwa kucha.

Nikahamia Dar es Salaam, na huko nikakosa meza, nikakosa ua, na muda wote wa kuchora ukawa ni wa barabarani. Mfukoni nilikuwa na peni ya bluu, na mgongoni mwa risiti kulikuwa na nafasi. Nilichora kwenye mwendokasi, Kimara hadi Kivukoni, nimesimama, kiwiko kimebanwa na begi la mtu. Usingizi wa abiria ni zawadi kwa mchoraji. Mtu aliyelala hajipangi uso. Shingo inaanguka, mdomo unaachia, mkono ulioshika bomba la juu unabaki umening'inia kama nguo. Peni haifutiki, na basi likifunga breki mstari unaruka, na mstari ulioruka unabaki palepale. Mwanzoni iliniudhi. Baadaye nikaona kwamba michoro iliyorukaruka ndiyo iliyofanana na safari yenyewe, na ile niliyoifanya basi limesimama kituoni ilikuwa mizuri na imekufa.

Siku moja mama mmoja akafumbua jicho moja.

"Mwanangu, unanichora?"

"Shikamoo mama. Ndiyo, naomba radhi."

"Marahaba. Hebu nione." Akaichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho, kisha karibu. "Mbona umenizeesha?"

Nikasema ni breki. Abiria wawili watatu wakacheka, naye akaikunja karatasi vizuri, akaitia kwenye mkoba pamoja na kitambulisho chake, akalala tena. Sikuidai. Tangu siku hiyo nikifika mwisho wa mchoro, kama mtu ameamka, namwonyesha. Wengine wanakasirika na wana haki. Uso ni wa mtu, na hatukutoka nao nyumbani kwa ajili ya mazoezi ya kijana mwenye peni. Na ndiyo, mpaka wa bibi nilikuwa nimeuvuka. Nilipokwenda Tanga kumsalimia sikubeba yale madaftari.

Rangi za maji zenyewe, zile za vidonge ndani ya kisanduku, nilizipata baadaye kwenye duka la vifaa vya shule, nikapanda nazo Lushoto. Nilidhani nitachora milima. Nilikuwa na karatasi za manila na ujasiri mwingi. Manila ikipata maji inavimba na kujikunja kama papadi, rangi inakimbilia mabondeni na kutuama, na ukiisugua kidogo uso wake unatoka mavumbi. Karatasi inayostahimili ni ile nene, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na moja yake ilinigharimu chakula cha siku mbili. Hilo lina faida: unafikiri kabla ya kugusa.

Shida yangu ya pili ilikuwa kijani. Usambara kuna kijani cha migomba, cha mahindi, cha mikaratusi iliyo karibu na bluu, na cha msitu ambacho kwa mbali ni cheusi kabisa. Kile kidonge cha kijani kwenye kisanduku hakifanani na hata kimoja. Kinafanana na ndoo ya plastiki. Niliacha kukitumia siku ya tatu. Nikawa nachanganya bluu na njano iliyofifia, halafu naitia tone la kahawia yenye wekundu wa tofali, na hapo ndipo majani yakaanza kukaa mlimani badala ya kuning'inia mbele yake.

Ila lililonishika Lushoto ni ukungu. Asubuhi unakaa Irente, chini yako kuna shimo kubwa la nyika ya Mazinde, na huoni chochote. Kweupe. Halafu mahali pamoja panafunguka, unaona paa la bati, panajifunga. Rangi za maji hazina nyeupe ya kweli. Nyeupe yake ni karatasi uliyoiacha. Kwa hiyo kuuchora ukungu ni kutouchora. Mtoto wa fundi mabango, aliyelelewa kujaza kila herufi mpaka ukingoni, nikaketi pale nimeshika brashi yenye maji, naizuia. Nilifanya michoro kumi na minne kwa siku sita. Miwili ina ukungu. Mingine kumi na miwili ina mahali ambapo sikumaliza kupaka.

Niliirudisha Tanga, nikaiweka chini ya godoro inyooke. Ikaja masika. Nilipoitoa ilikuwa na madoa ya kuvu, vijidoti vya kahawia na vyeusi, hewa ya bahari imeshafanya yake. Mmoja kati ya ile miwili uliharibika kabisa. Siku hizi karatasi zangu naziweka kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Naviomba kwa wauza viatu. Wananiona mwendawazimu, wananipa.

Sasa ndoo. Kanvasi iliyokwisha kuvutwa kwenye fremu ni ghali, nami nilikuwa nimepata kazi ya kuchora bibi harusi, kwa rangi ya akriliki, ukubwa wa mita moja. Nikanunua merikani. Kitambaa hiki cha pamba kisichopaushwa kilipewa jina lake pwani hii na wazee wetu, kwa sababu karne ya 19 kilikuwa kikija Zanzibar kwa meli kutoka viwanda vya Massachusetts. Kimevaliwa, kimelipiwa misafara, kimezikiwa watu. Mimi nikakivuta kwenye fremu ya mbao za mnazi, nikakigonga misumari, na kukipaka rangi nyeupe ya ukutani iliyochanganywa na gundi nyeupe ya mbao, tabaka tatu, kila tabaka naisugua kwa msasa. Ukikipiga kwa kidole kinalia kama ngoma. Ya ndani au ya nje? Hatimaye nilikuwa na jibu la kumpelekea yule muuzaji.

Kanvasi ilikuwa nzuri kuliko picha. Shuleni penseli zetu za rangi zilikuwa na moja tuliyoiita rangi ya mwili, nayo ilikuwa ya waridi. Darasa zima la watoto weusi tulichora familia zetu kwa penseli ile, na hakuna aliyeuliza. Nikiwa mtu mzima nilijiona nimeshavuka hayo, nikachukua kahawia kwa ngozi, nyeusi kwa kivuli, nyeupe kwa mwanga. Matokeo yake bibi harusi alipauka. Paji la uso lilikuwa kama mtu aliyetoka kwenye mashine ya kusaga, mashavu yakawa na majivu. Familia ilikuja watu saba kuipokea. Walisimama kimya. Shangazi mmoja akasema kwa upole kuliko tusi lolote, "Labda tumpake mafuta." Pesa ya awali niliirudisha, isipokuwa ile iliyokwisha kuliwa na rangi.

Picha ile niliigeuza ikatazama ukuta, na miezi mitatu mizima sikufanya kingine isipokuwa kuutazama mkono wangu mwenyewe. Mchana mlangoni, usiku chini ya balbu, jioni uani. Ngozi nyeusi haina mwanga mweupe. Inachukua mwanga wa mahali ilipo na kuurudisha: chini ya anga wazi, mgongo wa mkono unang'aa bluu, nakuapia bluu, chini ya taa ya kibanda cha chipsi unang'aa rangi ya chungwa. Kivuli chake si cheusi, kina wekundu wa ndani kama zabibu. Nikaiondoa nyeusi mezani. Nikaanza na ile kahawia ya tofali na bluu nzito, na nyeupe nikaiweka mbali kama chumvi kwa mgonjwa wa presha. Akriliki kwa joto la Dar inakauka kabla hujakohoa, kwa hiyo rangi naziweka ndani ya kontena la chakula, juu ya kitambaa kibichi, na mfuniko naufunga kila nikienda kunywa chai. Picha ya pili ya ngozi niliyoifanya ilikuwa ya mkono tu. Niliuza. Mnunuzi aliuliza kwa nini kuna bluu, nikamtoa nje kwenye jua nikamwonyesha mkono wake.

Kuna njia nyingine pia, na inafaa kusemwa. Sam Ntiro, Mchaga aliyesoma Makerere, alichora watu wadogo migombani, wanalima, wanabeba pombe, na nyuso zao karibu hazipo. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ilinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York mwaka 1960. Huyo naye alichora harusi, na hakuhitaji mashavu ya mtu. Kijiji kizima ndicho kilikuwa uso. (Nchi ilipopata uhuru tukampeleka London kuwa balozi. Siku hizi mchoraji akipelekwa kokote ni kwenye banda la maonyesho, akakae karibu na spika.)

Kwenye banda kama hilo ndipo ofisa mmoja alinipitia, akaangalia mbuzi ya penseli, abiria wa peni, ukungu na mkono, akauliza: "Kwani haya ni ya watu wangapi?" Nilipomwambia ni mimi, akanishauri nitafute kitu kimoja, nijulikane nacho. Ushauri huo nimepewa mara nyingi, na kwa soko ni ushauri wa kweli. Anayetaka twiga anajua aende kwa nani. Lakini George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, alichonga, akachora kwenye ngozi ya mbuzi, kwenye batiki, kwenye bati, kwenye mbao, akachapa, na mashetani wake wenye masikio makubwa wakamfuata kila alikokwenda. Mimi mashetani sina. Ninachokiona kwangu ni kwamba kila nikibadili kifaa, kuna kitu mtaani kilichokuwa kimejificha kinajitokeza. Kabla ya 6B sikuwa najua bonde liko kwenye kigoda nilichokikalia tangu nina miaka minne.

Mwaka juzi nikaenda Kondoa. Michoro ya miambani ya Kolo imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, na ukiifikia umechoka, kwa kuwa kilima ni mwinuko na mwongozaji anatembea kama anafuatwa. Watu wembamba, warefu, vichwa vyao vikubwa kama vimevaa kitu, kwa rangi nyekundu ya udongo wenye chuma. Mahali pengine, juu ya nyekundu, watu wa baadaye wamepaka maumbo mazito meupe, manene, bila kuomba ruhusa. Nilisimama mbele ya kiuno cha mmoja wa wale wembamba. Mstari wake haukuwa na kusitasita. Nikasikia sauti ya mjomba: usirudi ulikopita.

Niliporudi nikasimamisha bodaboda kando ya barabara ya Korogwe, nikachota udongo mwekundu kilo mbili kwenye mfuko. Unautwanga, unauloweka, unakoroga, unasubiri kidogo mchanga utulie chini, kisha unamimina maji yaliyo juu kwenye chombo kingine kupitia kipande cha kanga kuukuu. Unarudia mara nne, tano. Kinachobaki mwishoni ni laini kama siagi. Udongo mweupe nilipata wa Pugu. Kiunganishi ni kiini cha yai: unakiviringisha kiganjani mpaka kikauke, unakitoboa, unachukua majimaji ya ndani na ngozi unaitupa. Bibi alinikuta uani na mayai sita.

"Mayai ya kula unapaka mbao?"

"Viini tu, bibi. Ute upo kwenye bakuli."

"Basi usiku huu tutakula ute, mume wangu." Na kweli tulikula, pamoja na vitunguu.

Rangi ile inakauka papo hapo, unaijenga kwa vistari vyembamba kama mtu anayesuka. Niliipenda, ila baada ya wiki mbili ilinishinda. Harufu, na nzi.

Kilichobaki kutoka safari ile kilikuwa kitu nilichokiokota bila mpango. Nikitoka Kondoa nilipitia Dodoma, na shamba moja la zabibu lilikuwa linapogolewa, vijiti vimelundikwa vya kuchomwa moto. Nikaomba mzigo mdogo. Mkaa wa kuchorea unaouzwa ng'ambo mwingi hutengenezwa kwa mzabibu au mti laini kama huo. Mkaa wetu wa jikoni unatoka kwenye miti migumu, unakwaruza karatasi na kuacha michubuko. Nilivikata vijiti saizi ya kopo la maziwa ya unga, nikavimenya, nikavipanga wima vimebanana, nikafunga mfuniko na kuutoboa kwa msumari, tundu moja tu. Kopo ndani ya moto. Kwanza unatoka mvuke mweupe, halafu moshi wa njano unaonuka, halafu ukiusogezea kijinga cha moto unashika pale kwenye tundu, ndimi ndogo kama ya koroboi. Ikizimika yenyewe, mkaa umeiva. Kopo unaliacha mpaka kesho. Ukilifungua likiwa bado la moto, hewa inaingia na vyote vinakuwa majivu. Najua kwa sababu kopo la kwanza nililifungua.

La pili lilinipa vijiti ishirini na kitu, vyepesi, vinalia kama kioo ukivigonganisha. Mkaa huu haushiki mahali. Ukiupuliza unaondoka, ukiupitishia kitambaa unabaki kivuli, na picha ikikamilika inabidi kuipigia spreya ya nywele ya saluni ili isipeperuke. Ni kinyume cha rangi ya geti kwa kila kitu. Hapa unarudi ulikopita siku nzima.

Bibi alikuwa amekaa barazani anasuka ukili. Macho yake siku hizi hayaoni mbali, lakini vidole havihitaji macho. Nikamuuliza kama naweza kuichora mikono.

Akaendelea kusuka. Chane moja ikapita chini, ikapita juu, ikavutwa. "Mikono ina roho?"

"Sijui, bibi."

"Haina. Ni vyombo tu, kama ile mbuzi yako. Chora, lakini mimi siachi kazi yangu."

Hakuacha. Ikabidi niulaze mkaa ubavu, niweke vivuli vya mahali vidole vilipopita, nifute, niweke tena. Sikuweza kutenganisha kidole na chane, vyote vilikuwa vyembamba, vikavu, vya rangi moja. Nikaviacha viwe kitu kimoja. Baada ya saa moja hivi nikampa karatasi. Aliileta karibu kabisa na uso, akaipitisha taratibu kutoka kushoto kwenda kulia kama anayetafuta tundu kwenye kitambaa.

"Hiki cha nne umekikosea," akasema. "Kilivunjika mwaka aliozaliwa mama yako. Hakinyooki hiki."

Nikautazama mkono wake. Kweli, kilikuwa kimepinda kuelekea kidole kidogo, na mimi nilikuwa nimekinyoosha. Jikoni kulikuwa na unga wa chapati uliokwisha kukandwa. Nikamega donge dogo, nikalilainisha vidoleni, nikakinyofoa kile kidole kwenye karatasi mpaka pakawa peupe, na kumwomba aurudie ule msuko mahali alipoanzia.